Kengele ya Papa na Chanjo ya Watasema

Walikale, 18 Juni 2023

Mpendwa kaka Barthélemy,

Jambo sana huko Lubumbashi! Uko aje? Na shemeji, kile kikohozi kiliisha? Sisi huku tuko wazima. Mama anakula vizuri na anagombeza watu vizuri zaidi, kwa hiyo afya iko. Asante Mungu.

Kaka, mbwa yako Watasema iko muzima! Nakuambia hiyo kwanza, usishituke na yenye inafuata.

Mbwa moja ya kichaa iliuma watu kijiji cha jirani. Chifu akatangaza: chanjo ikipita, mbwa yenye haikuipata itauawa. Kweli nililia. Mbwa yenye marehemu Papa yetu alikuachia, ningekuambia nini?

Na munganga wa wanyama wa serikali ni Papa Darius peke yake, kwa pori yote hii. Hana musaidizi, hana hata kamba ya kukamata mbwa, na pikipiki ameazima kwa padri. Alifika na boksi ya barafu, akafukuza mbwa mpaka suruali ikapasuka. Tulicheka, naye akacheka, lakini barafu ilikuwa inayeyuka, na dawa ikipata joto inaharibika. Watasema alikuwa ametorokea mu migomba. Tangu uende, hasikii muntu.

Njo nikakumbuka kengele ya muti ya Papa, ile mbwa inavaa kwa kuwinda. Unajua mwanamuke haigusi. Basi nikaishika na kikwembe changu cha kujifunga, mukono usiiguse, nikatoa majani yenye yaliiziba, nikaipiga. Mama akapiga kelele: "Emérita! Unatuletea balaa!"

Eh, kaka! Mbwa zote zilikuja mbio. Na wawindaji pia, na mikuki na nyavu, wanauliza nyama iko wapi! Papa Darius karibu akimbie. Nikawaambia hakuna nyama, kila muntu ashike mbwa yake. Walinitukana kwanza, halafu wakashika. Papa Darius anasema hajawahi kuwa na wafanyakazi wengi hivi, tena bila mushahara. Wamemuahidi akirudi watamusaidia tena.

Watasema alipita kati ya miguu ya wanaume wote, ananusa mumoja mumoja. Alikuwa anakutafuta wewe. Alipokukosa akaja kulala juu ya miguu yangu, akapigwa sindano bila kulia. Mimi njo nililia.

Kisha mbwa zikakataa kurudi nyumbani bure, ikabidi wawindaji waende kuwinda kweli, Papa Darius nyuma yao na suruali yake. Nyama tulikula, hata Mama, ule wa balaa.

Musalimie shemeji na watoto, Gaëlle na Prince. Mama anakubariki, na Mungu akuchunge kazini na njiani.

Kengele nimeitundika kwa mulango. Siku utakuja usipige hodi kaka, piga ile. Watasema atakufikia mbele yetu sisi wote.

Dada yako mwenye kukupenda na kukungojea,
Emérita