Mama, Tonton Amebeba Kompyuta Yako

Mama,

Tonton Mbuyi amebeba kompyuta yako. Nakuambia mwanzoni kabisa, usije ukaisikia kwa mwingine huko uliko. Nimekasirika. Nimemkasirikia yeye, na wewe pia nimekukasirikia, maana mjomba wangu huyu, ndugu yako, ni wewe uliyemzoesha kujichukulia vitu.

Matanga yako yalikuwa hayajaisha. Wamama wa kanisa bado walikuwa wanaosha masufuria uani, naye anazungukazunguka kwenye sekretaria yako, chumba cha mbele ulimochapia watu barua na kuwafundisha wasichana wa hapa Kampemba kuandika kwa mashini. Akagusa ile kompyuta kubwa, akaniambia, "Ngalula, hii iko ya dada yangu. Siku ya mungu, misa ikiisha, nitakuya kuibeba. Kuko muntu anaitaka."

Nikamwacha, kama ulivyonifundisha. Alipochukua redio ulisema, "Umuache, iko ndugu yangu." Alipochukua cherehani ya bibi, "Umuache." Ulipolala hospitali hakuja hata kukuuliza umeamkaje, nawe ukamtetea, sindano ikiwa mkononi: "Pengine iko na kazi." Kazi gani, Mama?

Kompyuta yenyewe sikuililia. Ilikuwa kuukuu, inanguruma kama kinu cha mahindi. Nilichotaka ni imla zako, zile ulizojirekodi ukisoma ili wasichana waandike hata ukiwa umeenda sokoni. Humo unasoma polepole, unakohoa, unasema "virgule" penye mkato, "à la ligne" penye mstari mpya, halafu unasahau kuzima na unaniita nikaangalie maharagwe. Sauti yako haikubaki mahali pengine popote. Na huyo mnunuzi angefuta kila kitu.

Flashi haikufaa. Matundu ya kuichomeka kwenye kompyuta yako yaliungua siku ile umeme uliporudi kwa nguvu, unakumbuka. Basi Jumapili sikuenda misa. Nikatafuta kebo ya mtandao, nikaunganisha kompyuta yako na ile ndogo yangu, nikafanya vile nilivyokuona ukifanya: kila moja nikaipa namba yake ya mtandao, nikaifungua folda yako ili nyingine iweze kuisoma. Hazikuonana. Nikarudia, hazikuonana. Nikakutukana, Mama. Nilikuwa nalia na kukutukana, kwa sababu wewe ungekaa kwenye kiti hiki ungeimaliza kazi hii bila hata kuvaa miwani. Kumbe ni kinga ya kompyuta yako, ile inayofungia nje mashini za wageni, ndiyo iliyokuwa inazuia. Nikaizima, na folda ikatokea: Imla. Nikaanza kuvuta faili kuja kwenye yangu.

Faili bado zinapita, Tonton akaingia na mnunuzi wake, bwana mmoja mwenye kibanda cha simu.

"Zima," akasema.

"Tonton, ngojea kidogo. Niko natoa sauti ya Mama ndani ya mashini."

"Sauti gani? Weye mutoto utanikatalia kitu ya dada yangu?"

Akanyoosha mkono kwenye waya wa umeme. Nikasimama mbele yake. Mama, nilisema. Sikupandisha sauti, lakini jirani aliyekuwa anafagia nje alisimamisha ufagio.

"Dada yako alilala hospitali, haukufika. Alipokufa ukafika. Mashini utaibeba, lakini hautaigusa mpaka nimalizie."

Mkono wake ukabaki hewani. Nilidhani atanipiga. Yule mnunuzi ndiye aliyesema, macho chini kwa aibu, "Papa, umuache amalizie. Miye niko nangojea." Akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi. Tonton naye akakaa.

Nikafungua imla moja kuhakikisha haikuharibika. Ukaanza kusoma. Tonton akainuka, akatoka nje. Sijui kama alilia. Sikumfuata.

Faili ya mwisho ilipofika nilichomoa kebo mwenyewe, Tonton akarudi, wakaibeba, nikawashikia mlango. Hakuna aliyesema asante.

Ungemwambia hapana mara moja tu, Mama. Mara moja, mbele yangu, nikaona inavyofanywa. Badala yake nimejifunza neno hilo mbele ya mgeni, siku chache tu baada ya kukuzika. Wanakusifu eti ulikuwa mpole. Mimi niliona upole wako ulivyokuwa unakuchosha, na hakuna aliyesema hilo kwenye maziko.

Wasichana watarudi wiki hii. Tumebaki na kompyuta moja, wataandika kwa zamu, na wewe ndiye utakayewasomea. Tonton akija na njaa nitampikia bukari, ugali wetu wa mahindi, kwa sababu ni damu yako. Lakini hatatoka tena na kitu cha nyumba hii. Nakuahidi hilo, upende usipende.

Lala, Mama. Ugomvi wa humu ndani sasa ni wangu.

Mtoto wako,
Ngalula