Anayemwogesha Mtoto

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na kifua cha Bibi kimetulia. Vipi mgongo wako, na hao mapacha unaowalea huko kazini?

Ninaandika kwa sababu ya ruzuku ya watoto. Inalipwa kwa jina lako, na sasa serikali inatembelea nyumba kuhakikisha kila mpokeaji anaishi na watoto wake. Bibi alipopata habari, alianika gauni lako kambani na kuweka viatu vyako mlangoni. Afisa wa ustawi alipofika, Bibi akamwambia umeenda sokoni.

"Basi nitamsubiri," afisa akasema, akakaa. Bibi akawa anamwongezea chai tu. Mwishowe afisa akamuuliza mdogo wangu, Kitinda, mama yuko wapi. Kitinda akajibu, "Mama anakaa kwenye bahasha."

Njia ya mwongo ni fupi, Mama. Ruzuku imesimamishwa.

Mwanao wa kwanza

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo bado unanisumbua, ila nainama hivyo hivyo. Nimemwomba mwajiri ruhusa nije nijionyeshe ofisini. Amesema nikiondoka nisirudi.

Mwambie Bibi avumilie mpaka mwisho wa mwaka, nitakapopata likizo. Lakini msikubali waandike kwamba siishi nanyi. Watu watasema nimewatupa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mama yenu

2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tunakuombea afya. Kitinda ameng'oka jino na anajiona mzee.

Afisa alirudi. Hakutukaripia. Alisema ruzuku humfuata anayemwogesha mtoto, hata kama si yeye aliyemzaa. Ukiandika kwa mkono wako kwamba Bibi ndiye mlezi wetu, atalipwa yeye.

Bibi amekataa kukuomba. "Siwezi kumwambia mwanangu ajivue watoto wake," alisema. Siku hizi anatupakulia sisi, kisha anasema yeye ameshashiba kwa harufu. Kitinda anamtania, anamwita Bibi Harufu. Mimi nashindwa kucheka.

Ninayekuomba ni mimi, na Bibi hajui. Ukiandika hivyo sitaona kwamba umetutupa. Nitaona kwamba umetulisha.

Mwanao wa kwanza

28 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ilikufikia. Bibi alianguka akichota maji. Zahanati wamesema hana ugonjwa, ila hali chakula cha kutosha. Alikasirika muuguzi alipolisema hilo mbele yetu.

Sikuandikii ili kukulaumu. Kila nikitoka shule napita posta kwanza.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya Mei ilifika. Niliiweka chini ya mto nikaogopa kuijibu, huku mapacha wa watu wakishiba mikononi mwangu. Mwambie Bibi ale. Mwambie ni mimi nimesema, na safari hii asibishe.

Mpelekee afisa haya niliyoandika hapa chini. Kitinda usimsomee mpaka akue.

Kwa ofisi ya ustawi,

Watoto hawa wawili hawaishi nami. Anayewaogesha, anayewalisha na anayeamka wakikohoa ni mama yangu mzazi. Naomba ruzuku yao alipwe yeye.

Sikuwatupa. Nimeandika mwenyewe, wala sikulazimishwa na mtu.

Mama yao