Maktaba Isiyo na Mwenyewe

Mdogo wangu mpendwa, Fundi Baridi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali, tena kwa kalamu na karatasi, ili ujue kwamba safari hii nataka jibu. Kifua kinaendeleaje? Friji za watu bado zinaharibika vya kutosha? Sisi tupo. Mimi magoti yananisumbua ngazini. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri, ila macho yameondoka kabisa. Sasa anamtambua mtu kwa kikohozi na kwa namna anavyofunga mlango.

Macho hayo ndiyo yaliyoleta habari ninayokuandikia. Ujumbe wako wa kila Alhamisi ulikuwa ukiingia kwenye simu yake, naye hakutaka kusubiri nirudi kutoka kazini ndipo asomewe. Alisema mtoto ni wake, kwa nini maneno yake yapitie kwangu kwanza kama mzigo wa forodha. Basi nikaamua kumtengenezea programu ya kumsomea kwa sauti.

Nivumilie nikueleze, maana unajua siwezi kupita jambo bila kulieleza. Wewe ukifufua friji huanzi kwa kuyeyusha chuma uunde kompresa. Unakwenda dukani, unachukua iliyoundwa na mtu usiyemjua, unaifunga. Nasi ni hivyo hivyo. Kiunzi cha programu ni kama bodi la friji: kinakupa umbo na nafasi za kufungia vitu. Vitu vyenyewe tunaviita maktaba, na wengi wanaoziandika ni watu baki, wanaziweka mtandaoni bure. Kazi ngumu ni kuchagua.

Nilipata tatu zinazosoma lugha yetu. Ya kwanza ilitamka kama mtu aliyebanwa pua. Ya pili ilikuwa nzuri, lakini haikuguswa kwa miaka, na maswali ya watumiaji yalirundikana bila jibu. Kwetu hiyo ni dalili ya nyumba iliyohamwa. Ya tatu ilikuwa na sauti ya mwanamume mtulivu, na kila juma ilifanyiwa marekebisho madogo. Nikajisemea, huyu yupo, huyu anaipenda kazi yake. Nikaifunga.

Mama alifurahi kupita kiasi. Alikaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani, akikujibu kwa sauti kana kwamba uko mbele yake. Alisema umekua, zamani hukuwa na adabu ya kumjulia hali kila juma.

Halafu simu ikasasishwa na sauti ikakatika. Nilimwandikia mwenye maktaba kwa heshima, nikamweleza tatizo. Nikaandika tena. Mwishowe akanijibu mtumiaji mwenzangu, mwalimu wa watoto wasioona, akaniambia nisijisumbue: mwenye maktaba alifariki zamani. Marekebisho ya kila juma yalifanywa na roboti, yaani programu inayojiendesha, aliyoiacha ikifanya kazi. Inabadilisha namba za matoleo, inajiandikia kwamba kazi imekamilika, inaendelea. Sisi tuliona taa inawaka, tukadhani kuna mtu ndani.

Nilitafuta nyingine, sikupata. Nikarudi kumsomea Mama mwenyewe.

Na hapo, mdogo wangu, ndipo nilipoona. Zamani nilimsomea mbiombio tu. Sasa nilisoma neno kwa neno, Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa jicho la kazi yangu. Ujumbe unaingia dakika ileile. Sentensi ni zilezile, zinapeana zamu. Nilipokuandikia kwamba Mama ameanguka bafuni, Alhamisi ulijibu kwamba unafurahi sote tu wazima. Nikikupigia, simu inaita mpaka inakata.

Siku hizi mtu yeyote anaweza kupanga salamu zijitume zenyewe. Kwa hiyo ama umetuchoka ukatuachia mashine, ama uliipanga siku kazi zilipokuzidi, kisha likakupata jambo, nayo mashine haina habari. Najikuta naombea la kwanza. Ona nilipofika: namwomba Mungu mdogo wangu awe ametuchoka tu.

Mama hajui. Alhamisi iliyopita alinishika mkono akauliza mbona siku hizi hutanii kwenye ujumbe wako. Nikaongeza sentensi yangu, kwamba unauliza kama bado anaficha sukari ndani ya cherehani. Alicheka mpaka akakohoa.

“Huyo sasa ndiye mwanangu,” akasema. “Hizo nyingine alikuwa anaandika nani?”

Nilimwambia kazi zimekubana. Alipapasa meza akaitafuta simu, akairudisha mapajani.

Barua hii naituma karakana, kwa anwani iliyo kwenye bahasha yako ya zamani. Kama unayeisoma ni wewe, niandikie neno moja kwa mkono, hata tusi. Nitamsomea kama lilivyo. Kama ni bosi wake au fundi mwenzake, tafadhali usinihurumie, niandikie ukweli. Lakini simu yake, kama bado inawaka mahali, naomba msiizime kwanza. Alhamisi Mama huwahi kukaa jikoni.

Anakusalimu, na anasema uvae nguo nzito. Nisalimie wote wa hapo, yeyote aliyepo.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
yule uliyemwita Babu Kompyuta.