Weupe wa Macho ya Mama

Jumapili, 9 Machi

Kwa kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko uliyotulalamikia imeanza kupungua makali. Sisi huku tupo. Ningeandika kwamba hatujambo, kama ilivyo ada, lakini ukifika mwisho utajua kwa nini nimeliruka neno hilo.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu zangu hupokei, na nikikuandikia ujumbe unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Isitoshe, ndani ya bahasha hii mna picha ambayo sitaki uione kwenye simu, maana kila kioo cha simu kina rangi zake. Iliyochapwa haibishani na mtu. Nimeifunga kwa karatasi. Nakuomba usiifungue kwanza. Soma.

Mdogo wetu alipokuandikia kwamba Mama hali chakula, na kwamba ingefaa uje umwone, ulimrudishia ile picha ya arusini na maneno machache. Ulisema huyu mgonjwa gani anayenawiri hivi, na kwamba tuache kukutisha ili upande ndege. Mdogo wetu alinionyesha kisha akalia. Mimi sikulia. Nilikaa nikaitazama ile picha, kwa sababu ni kazi ya mikono yangu, nami ndiye ninayepaswa kukueleza imetoka wapi.

Nianze na kamera. Uliponiletea nilikushukuru, na leo nakushukuru tena. Lakini unakumbuka nilikwambia ina kasoro ya rangi. Kamera kubwa kama ile haitoi picha iliyokwisha, inatoa picha mbichi, na programu ya kuhariri ndiyo inayoipika kwa kufuata maelezo ya kamera husika, yale tunayoyaita profaili. Programu ya studio ninayofanyia kazi ni kongwe, haikuwa na profaili ya kamera yako. Ikawa inakisia. Kila uso uliopigwa chini ya taa za ndani ulitoka na manjano, watu wakawa kama wamechovywa kwenye mafuta ya kukaangia. Nilipokueleza, ulinicheka mbele ya watoto wako, ukaniita Profesa wa Rangi, ukaniambia mchagua jembe si mkulima.

Neno lile liliniingia, kaka. Tangu siku hiyo nikawa naitafutia kamera yako makosa kama mke mwenza, na kila manjano niliyoyaona popote niliyaandika upande wake.

Ndipo ikaja arusi ya mdogo wetu. Nilipiga picha mwenyewe ukumbini, ikiwemo ile ya Mama akiwa peke yake kwenye kiti kirefu, na mtandio wake wa zambarau. Kesho yake studio nilizifungua, na kama kawaida manjano yalikuwa yamejaa. Ya Mama ilizidi zote. Nikasema leo nitaikomesha kamera hii, nitaitengenezea profaili yangu mwenyewe.

Kwa kawaida mtu hupiga kwanza kadi yenye viraba vya rangi zinazojulikana, mahali pale pale, chini ya taa zile zile, kisha programu inalinganisha ilichoona na kilichokuwepo. Mimi arusini sikubeba kadi. Nikawaza, kitu gani hakibadiliki kwa mtu yeyote, mweusi au mweupe, mzee au mtoto? Weupe wa macho. Nikaukuza uso wa Mama mpaka jicho likajaa kioo kizima, nikaielekeza programu kwamba hapa ndipo peupe, na vingine vyote vifuate.

Manjano yakaondoka kama vumbi lililopitishiwa kitambaa. Mama akang'aa, akawa kama alivyokuwa tulipokuwa shule ya msingi. Nilimwonyesha jioni. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa kitambo, akasema hii ndiyo umpelekee kaka yako. Nikakutumia papo hapo, nikaongeza kwamba nimeishinda kamera yako. Ulijibu kwamba kamera ilikuwa nzuri tangu mwanzo, na kwamba utaitundika sebuleni.

Profaili ile niliipaka kwenye picha zote za arusi, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Mdogo wetu alisema gauni lake limekuwa kama lililosahauliwa kwenye ndoo ya buluu ya kufulia. Shangazi, unamjua kwa mdomo, aliuliza kwa nini nimempaka majivu angali hai, au nimeona nimtangulize. Wote walicheka nami nikacheka. Mwenye studio, yule tunayemwita Mzee Fremu, hakucheka. Aliniuliza weupe niliupata wapi. Nikamwambia kwenye macho ya Mama. Aliniangalia kama mtu mwenye neno jingine mdomoni, kisha akasema siku nyingine nitumie kadi, nisitumie mtu. Akarudi kwenye gundi yake.

Picha zile nilizirekebisha moja moja kwa kufuata gauni la bibi arusi. Ile ya Mama peke yake haikuwa na gauni ndani yake, wala haikuwa na mtu wa kuilalamikia. Nikaiacha ilivyo. Tayari ilikuwa ukutani kwako.

Utaniuliza, naye alikuwa mbele yangu kila siku, sikuwa na macho? Natoka nyumbani kabla hajafungua mlango wa chumba chake, narudi taa zimewashwa, na taa za kwetu unajua zilivyo za manjano. Anayemwona mtu kila siku ndiye wa mwisho kuona akibadilika. Kuna na sababu ya pili, nayo ni chungu zaidi. Kosa la manjano nilikuwa nimekwisha kulipatia mtu wa kulibeba, na mtu huyo ulikuwa wewe.

Wiki jana Mzee Fremu aliniazima kadi yake. Asubuhi nikamkuta Mama barazani akichambua mchele, nikamwomba anishikie kadi kifuani nipige picha, nitengeneze profaili ya haki mchana kweupe. Alikubali, akatania kwamba sasa nampiga picha kama mfungwa. Nilifungua kompyuta pale pale kando yake. Profaili ikatoka safi kuliko nilivyotarajia. Kijivu kilikuwa kijivu, chekundu chekundu, cheupe cheupe. Na juu ya kadi ile, uso wa Mama ulikuwa wa manjano, na macho yake yalikuwa ya manjano kuliko uso.

Nilirudia. Nikamsogeza karibu na ukuta, nikafuta lenzi kwa shati. Nikageuza kamera nikajipiga mwenyewe nikiwa na kadi ile ile. Mimi nilitoka sawa. Nilipotaka kurudia tena, Mama alishusha ungo chini akanishika mkono.

"Acha kuisumbua kamera ya watu, mwanangu. Haina kosa."

Kisha akanieleza kwa sauti ile ile anayotumia kunituma dukani. Ni ini. Alikwenda hospitali peke yake kabla ya arusi, akaambiwa limekwisha kuharibika na kwamba dawa zilizopo ni za kupunguza maumivu. Akaficha ili mdogo wetu aolewe kwa furaha. Ukumbini alijitazama kwenye kioo cha chooni, akajua picha zitamsema. Nilipomwonyesha ile niliyoisafisha, alidhani nimetambua na nimeamua kumsitiri, akaniombea dua kimoyomoyo. Kumbe nilikuwa nashindana nawe.

Nilimwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akanijibu, "Kilio ni chenu, si changu."

Nikamuuliza kwa nini basi wewe hasa usijue, ambaye ni mwanawe wa kwanza. Hili ndilo alilonikataza kuliandika, nami naliandika. Siku ya tatu ya msiba wa Baba, ulisimama jikoni ukimwambia shemeji kwenye simu kwamba ukiona namba ya nyumbani hupokei, kwa sababu nyumbani hawana habari, wana shida tu. Mama alikuwa nyuma ya mlango na sinia la vikombe. Anasema alisubiri umalize ndipo akaingia, asikutie aibu. Tangu siku hiyo aliapa kwamba yeye hatakuwa shida kwenye simu yako. Kama utamkumbuka, umkumbuke akiwa ukutani, amenawiri.

Nilikwenda naye hospitali juzi. Daktari alizungumza nami nje, kwenye korido, akasema kama kuna ndugu wa mbali wa kumwona basi aje sasa, asingoje likizo. Sikupamba neno lake wala sikulipunguza.

Sasa fungua picha. Ni ile ya barazani, na kadi ya rangi nimeiacha ionekane kifuani kwake ili usiseme ni taa, au ni programu, au ni Profesa wa Rangi. Sijaigusa zaidi ya hapo. Usiitundike. Itazame mpaka uchoke, kisha uje. Ukiona huwezi kuja, iteremshe ile ya sebuleni, kwa kuwa yule mwanamke hayupo, nilimtengeneza mimi.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto. Mdogo wetu na mumewe wanakusalimu, na Shangazi anasema ukija umletee miwani, apate kuona vizuri anavyosingiziwa majivu. Mama naye anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni, anajua nakuandikia lakini nimemwambia ni mambo ya kamera. Amesema nisisahau kukwambia kwamba ni nzuri, na kwamba yeye haoni ina kasoro gani.

Ni mimi, mdogo wako.