Shairi la Punda

Jumapili usiku, Agosti 1979

Sijamwambia mtu, hata Mama. Shairi ambalo mdogo wangu Mutheu alisoma kanisani leo, siku ya watoto, ni mimi nililitunga.

Yeye aliniomba tu nimsaidie vina. Lake lilikuwa hivi:

Punda wetu akichoka,
kwa mlima anaropoka;
akijamba tunaondoka,
hata pasta hutoroka.

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Halafu nikaogopa. Watu watasema kwetu hatuna adabu, na mimi ndiye niko sekondari. Nikafuta yote, nikamwandikia beti tatu za mvua na neema.

Alizisoma bila kukosea. Watu wakasema amina, pasta akamshika kichwa, Mama akajaa furaha. Mutheu akarudi kwa benchi akiangalia viatu vyake.

Tukienda nyumbani akaniuliza, "Kalondu, uliona mtu akicheka?"

"Hapana. Lakini lilikuwa zuri."

"Mimi nilitaka wacheke."

Nikamwambia tutunge lingine, la mbuzi wa jirani, na sitagusa neno hata moja. Akasema, "Tunga wewe. Mimi sijui."

Ana miaka minane. Wiki jana alikuwa hanyamazi, hata ugali alikuwa anautafutia kina. Sasa kama ni mimi nimemnyamazisha...

Nasikia miguu ikija mlangoni. Ni yeye, anaburuta ndara. Siku zote mimi huficha hizi kurasa chini ya godoro. Leo naziacha wazi hapa mezani, asome mwenyewe kwamba nilikosea.