Bei ya Agosti

Groningen, Jumanne mchana

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku mjini, ambako theluji imegeuka tope na kila mtu anatembea akitazama chini. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba tangu uliposhinda ziwani ukitoboa na kupima unene wa barafu hupandi ngazi bila kushika ukuta, na kwamba daktari amekukataza kurudi huko na wewe umemkatalia. Na yeye Mama, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, kazi ya maktaba inaendelea, na Femke, mwenzangu wa nyumba, anakusalimu.

Barua yako niliipata jana. Niliitambua kabla sijageuza bahasha, maana sijui mtu mwingine anayemwandikia mwanawe kwenye karatasi ya Chama cha Barafu, chama chetu cha kuteleza ziwani, yenye muhuri na yote. Nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba kwa siku mbili nimelibomoa jina ulilolijenga kwa miaka thelathini na moja. Umenitaka Ijumaa, kwenye mkutano wa wanachama, nisimame mbele ya watu wa kijiji chetu cha Sânwert, niombe radhi na kuwarudishia walionunua kile nilichozidisha. Nisipofanya hivyo, Mzee Wobbe Elgersma amekwisha kuandaa karatasi ya kunifuta uanachama, na sahihi ya kwanza itakuwa yako, kama mwenyekiti. Kisha chini kabisa ukaandika neno moja, likakaa peke yake kwenye mstari: mlanguzi.

Sitaomba radhi, Baba. Nakuambia mapema ili usome yaliyobaki bila kusubiri nilegee.

Wewe siku zile ulikuwa barafuni, kwa hiyo yote umeyasikia kwa mdomo wa Mzee Wobbe. Sikiliza na ya kwangu. Ulipofunga duka miaka mitano iliyopita, ile karakana iliyokuwa ikituletea viatu vya barafu, vyenye chuma cha kutelezea, ilikuwa inamaliza mzigo wake. Ilikuwa Julai, watu wamelala juani na aiskrimu. Nilinunua jozi sitini za mwendo mrefu, zile za ngozi ulizozipenda, kwa fedha nilizoziweka ili nisafiri baada ya chuo. Sikusafiri. Niliziweka chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya sofa. Femke aliwaambia wageni kwamba nimeolewa na maboksi. Kila Oktoba nilivitoa vyuma kimoja kimoja nikavipaka mafuta visipate kutu, na kila Machi nilivifunga tena bila kuona hata kidimbwi kilichoganda. Majira manne ya baridi, Baba. Miaka yote hiyo hakuna aliyenipigia simu kuniuliza kama hasara yangu ni ya haki.

Kisha baridi ikaja, ziwa likaganda. Unajua ilivyokuwa. Kufikia Jumamosi ya wiki ya juzi saa sita mchana hapakuwa na jozi hata moja dukani katika jimbo zima. Watu waliteremsha ukutani viatu vya mbao vya bibi zao, vilivyoning'inia kama mapambo, wakavifunga kwa kamba. Nilifika Sânwert saa nane na gari la kuazima, nikaegesha karibu na kibanda cha Chama, nikafungua mlango wa nyuma. Niliandika bei kwenye kifuniko cha boksi kwa kalamu nene, asije mtu akasema nilimnong'oneza: yuro mia mbili na tisini. Dukani, wakati vilipokuwepo, vilikuwa mia na thelathini. Sikuificha hiyo pia. Kila aliyeniuliza nilimwambia.

Wa kwanza alikuwa Mzee Wobbe mwenyewe, anatoa mvuke puani kama farasi. Aliisoma bei, akavua miwani akaifuta, akaisoma tena. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni ya supu: "Haya mama muuza, hiyo ni bei au namba ya simu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia ni bei ya barafu. Akasema binti wa Gosse Postmus anajua bei moja tu, bei ya Agosti. Nikamjibu, "Basi njoo Agosti, Mzee Wobbe. Utanikuta nimekaa peke yangu kama Baba alivyokuwa akikaa."

Naijua bei ya Agosti kuliko mtu yeyote wa kijiji hicho. Kila Agosti nilikaa nawe sakafuni nikikupa jozi moja baada ya nyingine, wewe ukiandika bei kwa penseli kwenye soli ya kila kiatu. Ulisema bei iliyoandikwa wakati hakuna mwenye shida ndiyo bei ya kweli, na barafu ikija isiguswe. Watu walikupenda kwa hilo. Walikupenda siku za barafu, na siku nyingine zote walipita mbele ya dirisha lako wakiendesha baiskeli. Walioingia walipima mguu, wakaandika namba kwenye simu, wakaenda kuagiza mtandaoni kwa bei nafuu kidogo. Ukawapa na kahawa, na biskuti.

Mzee Wobbe hakukuambia kilichofuata, naona. Alizunguka upande wa pili wa gari, akashusha sauti, akaniita mwanangu. Alitaka jozi nne za wajukuu kwa bei ya Agosti, "tumalizane kimya kimya, wewe ni mtoto wetu." Nikamuuliza kama wajukuu hawana viatu. Akasema wanavyo, ila kwa baridi kama hii ni vizuri kuwa na vya akiba. Basi hiyo ndiyo haki mnayonifundisha: jozi nne zikaning'inie gereji kwa Mzee Wobbe kwa sababu anakaa hatua mia kutoka ziwani na Jumamosi hana kazi. Nilikataa. Jua halijazama, neno mlanguzi lilikuwa limelizunguka ziwa lote.

Nikataka kunywa kitu cha moto. Chokoleti ya Chama, ambayo kwenye mkutano wa Novemba ilikuwa yuro moja na nusu, ilikuwa yuro tatu. Nilimuuliza Mzee Wobbe, ambaye ndiye mweka hazina, kulikoni. Akasema bila hata kupepesa jicho kwamba ile ni kwa ajili ya Chama. Nimeangalia vizuri ndani ya bahasha yako, Baba. Karatasi ya kumfuta yule aliyepandisha chokoleti sikuiona.

Jumapili saa tatu asubuhi alikuja Tetsje Dijkgraaf, yule muuguzi wa nyumba ya wazee, macho mekundu, ametoka zamu moja kwa moja. Alisoma bei akaniita mwizi mwenye tabasamu. Kisha akauliza kama namba thelathini na tisa ipo. Ilikuwepo, na ilikuwepo kwa sababu bei ilikuwa imeilinda usiku kucha. Kwa bei yako ingeondoka Jumamosi ndani ya nusu saa, kwa yeyote aliyetangulia, mwenye kuihitaji na asiyeihitaji. Alilipa, akaenda zake, akarudi jioni, mashavu kama nyanya. Siku ya pili alinitumia ujumbe: "Bado wewe ni mwizi. Lakini asante."

Sitakuandikia yaliyonipendeza tu. Alikuja mwanamume kutoka upande wa Dokkum na mabinti wawili, wa kama miaka kumi na mitatu, mapacha au karibu na mapacha. Walikuwa na uwezo wa jozi moja. Alinunua moja bila kulalamika, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi yote. Wasichana wakapokezana kando ya matete, mmoja akiteleza, mwingine amesimama na soksi ndani ya buti akimhesabia dakika. Niliwatazama kwa muda mrefu. Nilikuwa na jozi kumi na tisa nyuma yangu. Wewe ungeshusha bei. Mimi sikushusha. Hilo ninalo hadi leo na sitajifanya halipo. Nimejiuliza kwa ukali kuliko utakavyoniuliza wewe Ijumaa, nikaona kwamba kama ningemshushia yeye kwa sababu nilimwona, ningekuwa nauza kwa huruma ya macho yangu, na yule ambaye simwoni angelipa kamili. Pengine nimekosea. Lakini si kosa la kuombea radhi mbele ya Mzee Wobbe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike kwa mkono badala ya kupiga simu.

Umeandika kwamba majira yale, miaka tisa iliyopita, barafu ilipokaa siku kumi na mbili, uliuza kila kiatu kwa bei ya Agosti, na bado duka likapata kodi ya mwaka mzima. Uaminifu ulitulisha, umesema. Umelisema hilo kwenye mikutano mingi, na kila mara watu wamekupigia makofi, nami nilikaa katikati yao nikapiga pia. Baba, bei ya Agosti haikuilipa kodi ile.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wewe ulikuwa ziwani na mashine ya kutobolea tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyekuwa kaunta. Siku ya pili nilikuta barua ya mwenye nyumba chini ya daftari la mauzo. Alitaka duka lake ifikapo Aprili kodi isipolipwa, na wewe hukuwa umemwambia mtu. Nikachukua raba yangu ya shule, ile ya kufutia penseli. Kwa watu wa Sânwert sikugusa kitu, walizijua bei zako. Lakini magari ya Amsterdam na Utrecht yalipoanza kuegeshwa, nilikuwa nimekwisha kufuta bei kwenye soli na kuandika upya, kwa kuiga mwandiko wako, hata ile saba yako yenye mkia. Mara mbili ya bei. Siku za mwisho mara tatu. Walilipa wakashukuru, wakasema jinsi ilivyo raha kununua kwa watu waaminifu wa mashambani. Kila senti niliiweka kwenye droo. Ukarudi jioni ndevu zimeganda, ukaifungua, ukaniambia, "Unaona, mwanangu? Unaona?" Nami nikasema naona.

Mama alijua. Alihesabu viatu vilivyobaki, akahesabu fedha, akanitazama, kisha akasema supu yangu ya njegere inapoa. Hatukulizungumza tena hadi jana usiku kwenye simu, nilipomuuliza kama nikuambie. Alisema, "Mwambie wewe. Mimi nimelibeba miaka tisa, nimechoka nalo." Usimlaumu. Alikuwa anakulinda, kama mimi.

Duka liliishi miaka minne zaidi baada ya siku zile kumi na mbili. Halafu likafa, na wewe ukasema watu wamebadilika. Watu hawakubadilika, Baba. Walikuwa vilevile tangu mwanzo.

Sikuambii haya ili nikuaibishe. Ijumaa sitayasema, hata nikichokozwa, na Mama hatayasema. Nakuambia kwa sababu unataka niinamishe kichwa mbele ya kitu nilichokitengeneza mwenyewe kwa raba. Kosa nililolifanya ni moja, na hilo nakuomba unisamehe kwa moyo wangu wote: nilighushi mwandiko wako nikakuacha ujivunie kitu ambacho hakikutokea. Safari hii niliandika bei kwa mwandiko wangu, mahali pa wazi, na kila aliyetaka kuondoka aliondoka. Hilo ndilo ulilonipa jina baya kwa ajili yake. Lile la kwanza, ambalo kwa hilo nilistahili jina lolote baya, ulinipa kwa ajili yake baiskeli mpya.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie asikose dawa ya kikohozi hata ikiwa chungu. Msalimie pia Tetsje ukimwona. Wewe mwenyewe, tafadhali, usishuke ziwani tena wiki hii. Barafu inayoyeyuka haihitaji kupimwa.

Ijumaa nitakuja na basi la saa kumi na mbili jioni na nitakaa safu ya mbele. Jina lako likiwa la kwanza kwenye ile karatasi, nitalisoma nikiwa nimesimama, nitaweka kadi yangu ya uanachama mezani, na nitakusalimu kabla sijatoka. Lisipokuwepo, Mzee Wobbe atataka kujua kwa nini. Mimi nitakuwa nimekaa kimya, Baba, nikisubiri kama wengine kusikia utamjibu nini.

Ni mimi binti yako,
Jeltsje