Walii wa Mina

Baltimore, 14 Septemba 1952

Mdogo wangu Pazi,

Salamu zikufikie hapo Dar es Salaam, kisha zisikae kwako, ziende Mlingotini kwa Mwanamkasi mke wangu na kwa binti yetu Mina. Mimi sijambo. Kifua kinauma asubuhi kwa mvuke wa rangi, maana kazi ni ile ile ya kupaka matumbo ya meli, lakini jioni kinaachia. Ile homa yako imekwisha? Nijibu kama ndugu, usinijibu kama mwandishi wa gazeti.

Haya, makala ya gazeti lenu. Waambie wasomaji kwamba uchaguzi wa rais ni Novemba. Mimi si raia, sipigi kura, lakini ningepiga ningempa yule jenerali wa Republican, na nasema hivyo kazini mbele ya kila mtu. Democrat wamekalia kiti miaka ishirini. Huko kusini ndio wanaomzuia mtu mweusi asipige kura, na huku juu ndio wanaombembeleza awapigie. Ukiwauliza, wanakuita mjinga. Hapa kijana wa miaka kumi na sita humwambia baba yake nyamaza, na baba hunyamaza. Serikali ndiyo inayolisha watoto, baba amekuwa mpangaji nyumbani kwake.

Na magazeti yao ni ya uongo. Jumapili nilikwenda kanisani, kwa kuwa ndimo Republican weusi wa mtaa wetu walimofanyia mkutano; ukumbi mwingine wamenyimwa. Pasta alipoanza sala nilitoka, nikasimama ngazini na kofia yangu kichwani mpaka wakamaliza. Nikarudi ndani, nikasikia maneno ya maana, nikafurahi. Kesho yake gazeti likasema walikuja watu wachache. Viti vilijaa, wengine tulisimama ukutani. Huyo mwandishi hakuja, angekuja ningemwona.

Sasa ya nyumbani, na haya usiyachape. Nimesikia Mtoro bin Mohamedi, yule wa mashamba ya chumvi ya Nunge, amemposa Mina. Nimesikia pia kwamba ndiye kiongozi wa chama cha wafanyakazi huko. Jibu langu ni hapana. Mimi vyama navijua. Mwaka wa arobaini na sita chama cha wapaka meli hapa kilinifungia mlango kwa kuwa mimi mweusi, nikakaa baridi nzima bila kazi, na walioufunga wakijiita watetezi wa wanyonge. Mina haolewi na mtu wa chama. Mimi ndiye baba, mimi ndiye walii wake. Bila idhini yangu hakuna nikahi.

Kaka yako,
Mwinyijuma


Dar es Salaam, 29 Oktoba 1952

Kaka Mwinyijuma,

Shikamoo. Homa imekwisha. Mina na mama yake ni wazima wa mwili, na nakuomba ukae kitako kabla hujaendelea kusoma.

Makala yako ilitoka Jumamosi tarehe 11. Siku hiyo nilikuwa Morogoro kwenye kesi. Mhariri wetu, Bwana Ramadhan, alipata tangazo la sabuni dakika ya mwisho, akahitaji nafasi, akakata katikati ya maneno yako. Kilichochapwa ni hiki: "Jumapili nilikwenda kanisani. Nikasikia maneno ya maana, nikafurahi." Mkutano hakuna, ngazi hakuna, kofia hakuna.

Unajua gazeti linavyosomwa Bagamoyo. Barazani kwa Bwanaheri husoma mmoja, wengine husikiliza. Alisoma, akaombwa arudie. Mzee mmoja akauliza, "Alikwenda kufanya nini huko?" Akajibiwa, "Kufurahi. Imeandikwa." Ijumaa iliyofuata, katika dua ya wasafiri, jina lako halikutajwa.

Mwalimu wa msikitini alikwenda Mlingotini akamwambia shemeji kwamba mume akitoka katika dini ndoa haisimami, kwa hiyo akae eda. Shemeji amekaa. Nilipofika nilimkuta ndani, nguo nyeupe. Nikamwambia gazeti limekosea. Akasema, "Shemeji, miaka tisa mume sina. Nikikaa eda nitajua tofauti gani?"

Nilimtaka Bwana Ramadhan asahihishe. Ameandika, ukurasa wa nne, chini: "Bwana Mwinyijuma wa Amerika asema yeye ni Mwislamu." Kaka, hilo limeharibu zaidi. Watu wanauliza Mwislamu gani anayehitaji kusema.

Mdogo wako,
Pazi


Baltimore, 10 Novemba 1952

Pazi,

Salamu. Afya yangu usiiulize.

Sabuni. Nimetolewa katika Uislamu kwa sababu ya kipande cha sabuni.

Miaka mingi nawaandikia kwamba magazeti ya huku yanakata maneno ya mtu yakampa mengine, nanyi mnachapa kwa furaha, kumbe mkasi mnao mezani. Wenye magazeti huku walau wananichukia kwa sababu. Huyo Ramadhan wako hanichukii hata kidogo. Alitaka nafasi tu.

Mwambie mwalimu huyo kwamba tunaswali juu ya mkahawa wa Myemeni, Ijumaa hadi Ijumaa, tukiwa na Wasomali na mabaharia wa kila namna, na pale hakuna gazeti linalomwambia mtu yeye ni nani. Mwambie nilifunga Ramadhani iliyopita ndani ya tumbo la meli, kwenye joto ambalo yeye angefuturu adhuhuri. Alimwuliza nani kabla ya kumvalisha mke wangu nguo nyeupe? Alikuwa na nini mkononi zaidi ya gazeti la kufungia vitumbua?

Jenerali ameshinda. Magazeti yaliyosema mambo bado hayajulikani sasa yanaandika kana kwamba yalijua toka mwanzo. Wenzangu walipiga kelele barabarani. Mimi nilikaa chumbani na barua yako.

Barua yangu ya Septemba unayo. Ipeleke kwa kadhi, yote, aisome mwenyewe kwa macho yake. Na kwa Mwanamkasi usiseme neno, maneno yangu yakipita kwa mtu huwa yanapungua. Nitamwandikia mwenyewe.

Kaka yako,
Mwinyijuma


Bagamoyo, 7 Desemba 1952

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa yote. Nakuandikia nikiwa nyumbani. Baridi ya huko najua imeanza, funga kifua.

Nianze na jambo ambalo ungelisikia kwa mwingine. Kabla sijaenda kwa kadhi, Mina alikuja. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Baba akiwa si Mwislamu, uwalii unatoka kwake. Babu amekufa, kaka hana, basi unakuja kwangu mimi, baba yake mdogo.

"Baba mdogo," akasema, "mimi sisemi baba ni kafiri. Mungu apishe mbali. Nasema hivi: kama watu wanasema, si tuwaache waseme mpaka Ijumaa?"

"Na Ijumaa kuna nini?"

"Unaniozesha kwa Mtoro. Jumamosi unapeleka barua."

Nikamwuliza kama alitaka aolewe kwa uongo wa gazeti. Akanijibu, "Kila siku mnachapa uongo wa wengine. Huu mmoja tu ungenifaa mimi."

Nikavaa kanzu nikaenda kwa kadhi siku ile ile. Alisoma barua yako kutoka salamu mpaka jina. Alipofika kwenye kofia na ngazi akamwita mwalimu asome naye. Mwalimu alienda Mlingotini kwa miguu kumwambia shemeji avue nyeupe. Ijumaa jina lako lilitajwa la kwanza katika dua. Basi hilo limekwisha.

Mina hasemi nami. Lakini kadhi, kaka, alisoma yote, kama ulivyotaka, na ya Mtoro aliyasoma. Wiki iliyofuata Mina alisimama mbele yake na mama yake pembeni, akashtaki kwamba baba anamzuia kuolewa na mtu anayefaa. Kadhi anasema: walii akikataa bila sababu ya sheria, uwalii unahamia kwake yeye, kama hakimu. Anakupa mpaka mwezi wa mfungo tisa uandame, ndiyo katikati ya Februari. Ulete sababu.

Mdogo wako,
Pazi


Baltimore, 21 Desemba 1952

Pazi,

Salamu zangu kwa yeyote hapo ambaye bado ananihesabu mtu.

Binti yangu amenishtaki. Mama yake kasimama pembeni. Nilifikiri haya ni mambo ya Amerika, niliwaandikia kama mtu anayesimulia ugonjwa wa nchi ya mbali, kumbe mlikuwa mnayasoma ili mjifunze.

Sababu hizi, mpe kadhi. Kwanza, huyo kijana anachochea watu dhidi ya tajiri anayewapa kazi. Pili, tajiri akikasirika atafukuza wote, na Mina atakula chumvi. Tatu, mwanzo ni chama, mwisho ni Ukomunisti. Hapa tumeona, mtu akishaitwa hivyo hapati kazi hata ya kufagia. Nne, nimesema hapana. Ya nne ingetosha.

Nawe ulikuwa na haja gani ya kupeleka na ukurasa ule wa mwisho? Ungeuchana.

Mwinyijuma


Bagamoyo, 4 Januari 1953

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Shemeji amepata barua yako na anaiweka ndani ya msahafu. Hajaniambia ina nini, nami sikuuliza.

Uliandika "yote." Sikuchana kwa sababu hiyo.

Kadhi amesoma sababu zako nne. Alisema, na nilinukuu papo hapo: "Katika vitabu vyangu nimemtafuta Mkomunisti, simwoni. Nimemtafuta na huyo Republican, naye simwoni. Namwona Mwislamu, huru, anaswali, ana kazi, kwao panajulikana. Aniletee kasoro ninayoweza kuifungulia kitabu."

Baada ya hapo nilikwenda Nunge. Sikwenda kama mshenga. Wanaokomba chumvi pale wanasimama ndani ya maji yake toka asubuhi, bila viatu. Nyayo zinapasuka, kisha chumvi inaingia kwenye mipasuko. Wakubwa wao wanatembea kwa pembeni ya mguu. Maji ya kunywa ni pipa moja, lilikuwa tupu kabla ya adhuhuri. Chama unachokisikia ni watu waliokwenda kwa tajiri kuomba viatu vya mpira na pipa la pili. Tajiri hajawafukuza. Hajawajibu pia.

Nilimsimulia Mtoro habari ya mlango uliofungiwa, nikamwuliza ana neno gani kwako. Akacheka. "Mkwe wangu asiyetaka kuwa mkwe? Mwambie ana haki ya kukasirika. Ila waliomfungia mlango walikuwa ndani. Sisi huku tupo nje sote, mlango wenyewe hatujauona."

Wenzake wakamtania: "Mtoro, mwambie utamtumia gunia la chumvi ya mahari." Akasema, "Huyo atalirudisha na makala juu yake."

Kaka, ulimkasirikia mwandishi aliyeandika mkutano ambao hakufika. Wewe Nunge hukufika. Mimi nimefika, ndiyo maana nakuandikia.

Mdogo wako,
Pazi


Bagamoyo, 25 Januari 1953

Kaka,

Shikamoo. Natumai unaumwa kidogo tu, au posta imechelewa. Kadhi ameniuliza tena jana baada ya swala. Usipojibu ataozesha yeye. Shemeji amekwisha kukaanga bisi za kukaribishia wageni, akazifunga kwenye debe, akasema zitaliwa kwa jina la kadhi au la baba, mwezi ukiandama zitaliwa.

Mdogo wako,
Pazi


Baltimore, 4 Februari 1953

Pazi,

Salamu kwako na kwa wote. Siumwi. Nilikuwa nimekasirika, na bado.

Nimeisoma barua yako ya Nunge mara nyingi, nikitafuta mahali ulipoongeza chumvi nisipate. Hilo pia limenikasirisha. Baba yetu alikuwa anatembea kwa pembeni ya mguu, wewe ulikuwa mchanga hukumwona. Nilidhani ni uzee. Kumbe kabla ya uvuvi alikomba chumvi.

Hakimu hatasimama mahali pangu nami ningali hai. Magazeti yamenitoa katika dini, msikiti umenitoa katika dua, mke wangu alikaa eda yangu, na sasa wanataka kunitoa katika ubaba kwa tarehe. Sikubali. Anayemwoza Mina ni mimi.

Basi soma haya mbele ya kadhi: Mimi Mwinyijuma bin Bwanausi, nikiwa na akili zangu na bila kulazimishwa, nimekuwakilisha wewe ndugu yangu Pazi bin Bwanausi umwoze binti yangu Mina kwa Mtoro bin Mohamedi, kwa mahari atakayoridhia Mina mwenyewe. Mashahidi wangu ni Saleh Myemeni mwenye mkahawa, na Farah Msomali, baharia. Wametia sahihi hapa chini, nao wamenicheka, hasa Farah, ana mabinti wanne.

Sijabadili mawazo juu ya vyama. Wakipewa viatu watataka na miavuli. Makala msizitarajie tena. Bwana Ramadhan ajaze nafasi yangu kwa sabuni.

Mwambie Mina kwamba kesi yake aliisema vizuri kuliko nilivyoisema yangu, na kwamba sitaki ajifunze kuona hilo ni sifa. Mwanamkasi nimemwandikia tena. Nimemwomba aniambie kama nije, nikishapata nauli ya meli.

Na Mtoro mwambie simpendi. Nimetazama masharti ya nikahi moja moja, kumpenda mkwe si mojawapo.

Baba Mina